Ufa Una Ushahidi Wake

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kioo, na hasa kioo kinachoyeyushwa na kuunganishwa vipande kwa vipande ndani ya tanuri.

Sisi watu wa pwani tulikijua kioo tangu zamani. Katika magofu ya Gedi zilifukuliwa shanga za kioo zilizovuka bahari kuja kwetu. Ukisoma Ayubu, sura ya 28, utaona kioo kimetajwa pamoja na dhahabu, na vyote viwili havitoshi kununua hekima. Leo chupa zimejaa nyuma ya hoteli, nasi twazipita tu. Lakini kule Kitengela, kusini mwa Nairobi, msanii Nani Croze alianzisha karakana ya vioo, na huko mabaki ya vioo vya madirisha hugeuzwa kuwa glasi, shanga na mapambo. Basi si ajabu vijana na akina mama wa huku kwetu wakitamani kujaribu, wapate kitu cha kuwauzia wageni.

Hebu fikirini kikundi cha namna hiyo. Wamechanga fedha, wamenunua tanuri dogo la umeme, wamelipia tokeni za umeme. Asubuhi wanafungua na kukuta sahani imepasuka vipande viwili. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja asema mwenzake alifungua mlango usiku. Mwingine asema kazi imetiwa jicho. Kabla ya jioni, kilichovunjika si kioo tu, bali ni kikundi chenyewe.

Ndugu zetu, kabla ya kumlaumu mtu, tazameni ufa. Kioo kina ushahidi wake.

Piteni kidole karibu na ukingo wa ufa, kwa uangalifu. Kama ukingo umelainika na kuwa mviringo, kioo kilipasuka wakati wa kupanda, kisha moto ukaja kuulainisha ufa. Maana yake mlipasha upesi mno. Kama ukingo ni mkali kama wembe, kilipasuka wakati wa kushuka, baada ya kuganda. Hapo mlipoza upesi mno. Na kama ufa umefuata mstari wa pale vioo viwili vilipokutana, basi vioo hivyo havipatani. Kila aina ya kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake. Chupa ya kijani na kipande cha dirisha huonekana kuungana vizuri katika moto, lakini vikipoa kila kimoja chavuta upande wake. Kwa hiyo anayeanza na atumie chupa moja kwa kazi moja, au kioo kimoja cha dirisha.

Kasoro nyingine nazo zina sababu. Mapovu makubwa ni hewa iliyonaswa kati ya tabaka. Tulizeni moto karibu digrii 650 kwa nusu saa, kioo kilale polepole na hewa itoke. Ukungu mweupe juu ya kioo mara nyingi hutokana na uchafu au mafuta ya vidole, au kukaa muda mrefu mno katika joto la zaidi ya digrii 700. Osheni kioo, kikausheni, kishikeni pembeni. Kioo kikigandamana na rafu ya tanuri, ule unga wa kutenganisha unaokorogwa kwa maji ulipakwa haba, au umechakaa. Kwangueni, pakeni upya, na uachwe ukauke kabisa. Mkifanya hivyo vaeni barakoa, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Na mkikata kioo, vaeni miwani ya kulinda macho.

Lakini kasoro inayowashinda wengi ni ile ya kushuka. Mpanda ngazi hushuka, na kioo vivyo hivyo. Kioo cha dirisha huungana kikamilifu kati ya digrii 800 na 830 hivi, na anayeanza hudhani hapo kazi imekwisha. La, hapo ni nusu ya safari. Yafaa kitulizwe karibu digrii 550 kwa muda wa saa moja, ili nje na ndani vilingane joto, kisha kishuke taratibu hadi chini ya digrii 400. Baada ya hapo zimeni, na mlango ubaki umefungwa mpaka tanuri lipoe kiasi cha kuguswa kwa mkono. Umeme ukikatika, msifungue kuchungulia. Matofali yana joto lake, nayo yatapoza polepole kuliko hewa ya nje.

Kioo kisichotulizwa huweza kutoka kizima, kikang'aa, kikasifiwa. Kisha siku kadhaa baadaye, kikiwa juu ya meza bila kuguswa na mtu, chapasuka. Mvutano ulikuwa ndani siku zote.

Wapendwa, mnaona neno hili linatufika na sisi. Mara ngapi tumewapatanisha watu wawili mbele ya wazee, wakashikana mikono, tukafunga mkutano na kwenda zetu? Baada ya mwezi, nyumba imepasuka, nasi twashangaa. Tuliwaunganisha kwa moto wa saa moja, wala hatukukaa nao katika kupoa. Msamaha unahitaji muda wa kutulia, pasipo mtu wa kufungua mlango kila mara kuchungulia.

Basi ninyi wa kikundi, wekeni daftari. Andikeni kila mara joto, saa, na aina ya kioo, kwa sababu kila tanuri lina tabia yake. Kipande kilichopasuka msikitupe kabla hakijasomwa. Na mwenzenu msimtupe kabisa.

Mungu awape subira katika kazi ya mikono yenu. Kaeni kwa amani.