Mche Unaumwa Mizizi: Kuuponya Mti wa Matunda Uliohamishiwa Kariakoo

Mtaa wa Mkunguni na Mtaa wa Mchikichi, yote ya Kariakoo, ina majina ya miti. Leo anayepita humo anapishana na mikokoteni na marobota ya nguo, chini ya ghorofa zilizosimama palipokuwa na nyumba za Kiswahili zenye ua nyuma. Hata hivyo miti haijaisha. Mlimao umo kwenye pipa la plastiki lililokatwa katikati, juu ya paa. Mkomamanga umo kwenye ndoo ya rangi, barazani. Mwembe wa kubebesha umebanwa kwenye kipande cha ua kilichosalia kati ya kuta mbili. Mingi ya miti hiyo hununuliwa kwenye vitalu vya kando ya barabara ikiwa na majani ya kumeta, na kabla mwezi haujaisha majani yamepukutika. Mada hii inahusu mwezi huo na ile inayoufuata.

Hoja yake ni moja: mche uliohamishwa unaumwa mizizi, hauna njaa. Mwenye nyumba akiona majani yamelegea, hukimbilia duka la pembejeo na kurudi na urea. Mizizi iliyokatika haiwezi kuitumia. Chumvi za mbolea huzuia hata maji machache ambayo mizizi iliyobaki ingeyanyonya, na kingo za majani huungua. Samadi mbichi nayo huunguza vilevile. Mbolea isubiri mpaka majani mapya yatoke na kukomaa.

Madhara huanza njiani. Mche uliofungwa nyuma ya bodaboda hupigwa na upepo safari nzima. Majani hupoteza maji kwa kasi ambayo kiriba kidogo hakiwezi kuyarudisha, na kila shimo la barabara hupasua bonge la udongo na kukata vijizizi vyembamba, ambavyo ndivyo vinavyonyonya. Ni heri bajaji, mche ulazwe na kufunikwa gunia lililoloweshwa, ushikwe kwa kiriba na si kwa shina. Ukifika ukae kivulini, upandwe jioni.

Kiriba kinapochanwa kwa wembe, inafaa kutulia na kutazama. Mizizi myeupe iliyotawanyika ni dalili njema. Mizizi ya kahawia iliyojizungusha kufuata umbo la kiriba ni tatizo ambalo halijirekebishi: itaendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka ikipita italinyonga shina. Inyooshwe kwa vidole, na iliyokakamaa ikatwe. Mpapai peke yake usichokorwe, maana hauvumilii kabisa mizizi yake kuguswa; huo ni bora upandwe mbegu palepale utakapokulia.

Jambo linaloua miche mingi mjini halionekani kwa juu. Udongo wa kiriba mara nyingi ni mzito, wenye mfinyanzi na samadi, wakati ardhi ya Kariakoo ni mchanga wa pwani uliochanganyika na kifusi. Maji yakimwagwa hupita upesi kwenye mchanga unaozunguka, na bonge lenye mizizi hubaki kavu katikati. Mwenye mche anaona ardhi imelowa, anaridhika. Kwa wiki za mwanzo maji yamwagwe taratibu juu ya bonge lenyewe, kwenye kisahani cha udongo kilichoinuliwa kingo, na kidole kizamishwe humo kabla ya kumwagilia tena. Likiwa bado na unyevu, liachwe. Mizizi inahitaji hewa pia, na ndoo isiyotobolewa chini huiozesha.

Kifusi kina kasoro nyingine. Chokaa na saruji hupandisha alikali ya udongo, na mti hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo. Majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Mlimao na mparachichi huathirika mapema. Tiba ni kuondoa kifusi kwenye shimo pana, mara mbili au tatu ya upana wa bonge, na kuweka udongo mzuri na mboji iliyoiva.

Halafu kuna maji ya kisima. Visima vingi vya katikati ya Dar es Salaam vina chumvi, kwa kuwa maji ya bahari huingia ardhini kadiri maji ya chini yanavyovutwa. Mkomamanga huvumilia. Mparachichi na mlimao haivumilii, sembuse ikiwa imetoka kuhamishwa. Miche hiyo iwekewe maji ya bomba, na mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikingwe kutoka kwenye paa. Kwa mti wa kwenye pipa, mara moja moja yamwagwe maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatiririke chini, ili chumvi iliyojikusanya itoke nayo. Pipa liinuliwe juu ya matofali na kuvikwa gunia, kwani zege la paa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huchemsha mizizi pembeni.

Mwenye mche atajuaje kama unapona? Autazame alfajiri. Kulegea saa nane mchana na kuchangamka usiku ni kawaida ya mgonjwa anayepata nafuu. Kuamka umelegea ni hatari. Majani yakidondoka yenyewe, tawi huwa hai bado, kwa sababu mti ndio ulioyaachia. Yakikauka yakang'ang'ania, tawi huenda limekufa. Ukucha ukikwaruza gome na kukuta kijani, subira inahitajika. Matawi yaliyovunjika yakatwe, lakini mti usinyolewe: majani yaliyobaki ndiyo yanayotengeneza sukari ya kuotesha mizizi. Vichipukizi vya chini ya kiungo cha kubebesha viondolewe vyote.

Kisa cha michungwa ya Riverside, California, kinaonyesha uzito wa mizizi. Mwaka 1873 Eliza Tibbets, mkazi wa huko, alipanda miche iliyotoka Washington, ya aina yenye asili ya Bahia, Brazili. Mmoja ulihamishwa mwaka 1902, na mwingine mwaka 1903 mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Huo wa pili ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wa kwanza nao ulishambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi, lakini mwaka 1918 wataalamu walipanda miche michanga kuuzunguka na kuiunganisha kwenye shina lake. Mti mkongwe ukapata mizizi ya kuazima, ukapona.

Tukirudi Dar es Salaam, wauzaji wa vitalu wanajua kwamba mche mrefu wenye matunda tayari huuzika haraka. Mnunuzi wa Kariakoo angefaidika zaidi na mdogo. Hesabu alizochapisha mtafiti wa miti Gary Watson huko Marekani mwaka 1985 ziliweka takriban miaka 5 kwa mti wenye shina la kipenyo cha inchi 4 kurudisha mizizi iliyokatwa, na miaka 13 kwa wa inchi 10. Hesabu hizo ni za eneo la baridi. Kwenye joto la pwani muda ni mfupi zaidi, ila mdogo bado hutangulia kupona. Matunda yanayoning'inia kwenye mche uliotoka kuhamishwa yachumwe siku hiyohiyo. Mwembe uliopandwa masika ukitoa maua Juni au Julai, yakatwe yote. Ya mwaka unaofuata yaachwe machache, kwa kadiri matawi yanavyoweza kubeba.