KUJUANA KWA WATU WA KAZI SI KUOMBA

(Hotuba ya mwanachama mmoja, fundi wa mitambo, mbele ya mkutano wa tawi huko Keroka. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo vijana wetu huliuliza kila mara: mtu ambaye si mtoto wa mkubwa atawezaje kujuana na watu wa kazi yake bila kuona haya? Sitasema marefu, maana wengine wenu mmetoka Nyansiongo na wengine Ogembo, na magari ya jioni hayangoji mtu.

Nitaanza na makosa yangu mimi mwenyewe. Nilifanya kazi ya ufundi katika kiwanda kimoja cha chai kwa miaka kumi na mmoja. Miaka yote hiyo nilimjua mtu mmoja tu, yule mkubwa wa mitambo aliyeniandika. Nikawa mtu wake. Fundi wa kiwanda kingine akija kuazima kifaa, simsalimu. Wenzangu wakienda kwenye mkutano wa chama, mimi narudi nyumbani. Nilisema moyoni, "Mkubwa ananijua, yatosha." Basi siku moja mkubwa akahamishwa, na aliyekuja akaleta watu wake. Mkataba wangu ulipokwisha haukuandikwa tena, na wakati huo nilikuwa na watoto wawili sekondari.

Nilitia karatasi zangu katika bahasha, nikaenda lango hili na lango lile. Kila mahali mlinzi aliniuliza swali moja: "Unamtaka nani?" Nami sikuwa na jina la kumtajia. Ndugu zangu, swali hilo lilinifundisha kuliko shule.

Aliyeniokoa hakuwa mkubwa. Alikuwa dereva wa lori la majani. Zamani lori lake liliharibika usiku karibu na kituo cha kununulia majani, bomba la maji limepasuka, nami nilimshikia taa na kulifunga mpaka akafika. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Akaniambia mahali wanapotafuta mtu wa tanuri la kukaushia, akanipa jina la msimamizi, akasema, "Mwambie mimi nimekutuma, lakini kazi onyesha mwenyewe." Nikaenda, na safari hii mlinzi aliponiuliza, nilikuwa na jina.

USIWE MFUKONI MWA MTU MMOJA

Somo la kwanza ni hilo. Anayemjua mtu mmoja tu yumo mfukoni mwa mtu huyo. Watazameni ndugu zetu wachonga mawe wa Tabaka. Mchongaji anayemjua mnunuzi mmoja hana bei. Bei ni ya mnunuzi. Lakini yule anayewajua wachongaji wenzake, na mwenye duka wa Kisii, na mchukuzi anayepeleka Nairobi, huyo huuliza bei kabla ya kuuza. Jiwe ni lile lile, na mkono ni ule ule. Tofauti ni kujuana.

Tena msitafute wakubwa peke yao. Dereva, karani wa mizani, mama wa kantini, mlinzi wa lango, fundi wa kiwanda jirani: hao ndio wanaojua nani anastaafu na wapi mtambo mpya unafungwa. Wala msijifungie katika ukoo. Akiwa ni Mgetutu, au wa Nyaribari, Machoge, Bobasi, Bonchari au Mugirango, akiwa ni Mjaluo wa Oyugis au Mkipsigis wa Kericho, mwenye kazi kama yako ni mwenzako.

MKUMBUKENI TOM MBOYA

Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la katani huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa nyapara. Alipokuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Jiji la Nairobi, alianza kwa kuwajua wafanya kazi wenziwe. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi nchini. Mwaka 1956 alikwenda Marekani akajuana na watu wa vyama vya huko, na wala hakuwaacha aliporudi. Mwaka 1959 ndege ilipochukua wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, yalikuwa matunda ya urafiki uliotunzwa.

RISAGA

Lakini urafiki hutunzwaje? Wazee wetu wa Kigusii walijua. Waliita risaga. Majirani hukusanyika kulima, kupalilia au kujenga kwa mmoja, kesho kwa mwingine. Aliyekwenda kwa wenzake hakuona haya kuwaita siku yake ilipofika. Na asiyekwenda kwa mtu, siku yake alilima peke yake.

Ndugu, kujuana kazini ni risaga. Woga wetu mwingi hutoka hapa: twamwendea mtu siku ya shida tu, tena mikono mitupu, na moyo unatuambia kwamba sisi ni waombaji. Dawa yake ni kwenda mapema, siku ambayo huna shida. Umesikia mahali pana kazi isiyokufaa wewe? Mpelekee habari anayefaa. Umejua namna ya kutengeneza kitu? Mwonyeshe mwenzako. Mwenzako ana msiba? Fika matangani, au tuma salamu na ulichonacho. Simu tunazo, neno la kumjulia mtu hali halizidi dakika moja. Na mtu akikusaidia, mrudie umwambie mambo yalikwendaje, hata kama kazi hukupata. Wengi huharibu hapo. Wakishavuka mto, hawamkumbuki mwenye mtumbwi.

NAMNA YA KUJITAMBULISHA

Ukikutana na mtu usiyemjua, usijidunishe wala usijisifu. Msalimu kwa heshima, sema jina lako, sema kazi unayoiweza, na useme neno moja unalotaka kujua. Kwa mfano: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi wa boila, nimefanya miaka sita. Nataka kujua mtambo wenu huu mpya unalishwaje kuni." Usimwombe kazi siku ya kwanza. Fundi hufurahi akiulizwa habari za ufundi wake.

Weka na karatasi zako sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoacha kazi, ikiwa umefanya majuma manne au zaidi. Cheti hicho kidai, ni haki yako. Lakini sheria hiyo hiyo haimlazimishi mwajiri kukuandikia barua ya sifa. Kwa hiyo sifa zako zimo vinywani mwa wale waliofanya kazi pamoja nawe. Ukifanya kazi vibaya, kujuana kwako kote kutakuwa kujulikana kwa ubaya.

JIHADHARINI

Kujuana si rushwa. Mtu akikuambia, "Nawajua wakubwa, lete pesa kwanza," huyo si mwenzako. Wako waliouza ng'ombe na hata shamba kwa ajili ya kazi za Nairobi au za Uarabuni ambazo hazikuwako. Wakala wa kazi hana budi awe ameandikishwa serikalini. Ulizeni katika ofisi ya kazi, au njoni chamani, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ndugu zangu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kuwa na chama. Lakini chama si kadi iliyo mfukoni. Ni sisi kujuana. Kwa hiyo naomba kitu kimoja: kabla hatujatoka hapa, kila mmoja amwendee mtu mmoja asiyemjua, waambiane majina na kazi, na wiki ijayo amtumie salamu, bila ya kumwomba kitu.

Ili siku mlinzi akikuuliza, "Unamtaka nani?" uwe na jina la kumtajia.