Kifusi Chako Kinamwagwa Wapi?

Msikilizaji, ukizipita njia za ndani za Diani, ukitoka Ukunda kwenda baharini, hukosi kukuta rundo la kifusi kando ya njia, halina mwenyewe. Vipande vya mawe ya matumbawe, vigae vya choo, makuti yaliyooza, na juu yake mkebe wa rangi ambao bado una rangi robo. Rundo hilo lina kwao. Lilitoka kwenye nyumba fulani inayokarabatiwa, na yumkini mwenye nyumba alilipa pesa nzuri liondolewe.

Sisi hukodi gari. Fundi humpigia simu mwenye tipa au kenta, vibarua wakapakia kwa mabeleshi na makarai, na mapatano huwa ni kwa tripu. Hebu piga hesabu ukiwa upande wa dereva. Malipo ni yale yale, amwage mbali au amwage nyuma ya ukuta wa ploti ya tatu. Dizeli ni yake. Akimwaga karibu, faida inabaki mfukoni, na kabla ya adhuhuri amesharudi kubeba tripu nyingine. Mimi dereva simlaumu sana. Mapatano yenyewe ndiyo yanayomtuma.

Wenzetu Marekani hukodi kontena la chuma. Linawekwa uani, mwenye nyumba analijaza kwa siku zake, kisha lori maalumu linakuja kulibeba. Utaratibu wa lori kuinua kontena lilivyo na kumwaga uliasisiwa miaka ya 1930 na George Dempster wa Knoxville, jimbo la Tennessee, ambaye baadaye alikuwa meya wa mji huo. Lakini tusilitamani kontena tukasahau mizani. Huko mzigo hupimwa jaani na kulipiwa kwa uzito, kwa hiyo uzito wa kifusi umo ndani ya bei tangu siku ya kukodi.

Sheria nasi tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya uzoaji na utupaji taka. Sheria ya mazingira ya 1999 inamtaka anayesafirisha taka awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ile ya usimamizi endelevu wa taka, ya 2022, inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka. Ni mwenye nyumba gani hapa Diani aliyewahi kumwomba dereva wa tipa leseni hiyo?

Na pwani yetu hii haina subira na uchafu. Mwamba wa matumbawe una vinyweleo, unachomwaga juu mvua hukishusha chini, na chini ndiko tunakochota. Maji ya mfereji ya Diani na Ukunda kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Tiwi. Shimo la machimbo lililoachwa huonekana kama jaa la bure. Jiwe tupu likirudi humo, madhara yake ni madogo. Tina, rangi na vipande vya paa la asbesto ni habari nyingine kabisa. Na asbesto usiiguse wala usiivunje, mtafute mwenye leseni yake.

Anayejenga, iwe Diani au Msambweni, gharama ya kifusi aiandike kwenye makadirio siku ile ile anapoandika saruji na mchanga. Atenge mapema: mabati na nondo zina wanunuzi, boriti nzima hupata kazi banda la kuku, makuti yaliyooza hutandazwa chini ya minazi, na vipande vya mawe hushindilia barabara ya mtaa ikiwa wenyewe wameridhia. Kitakachobaki huenda kisifike hata nusu ya tripu ulizodhani. Kwa tripu hizo zitakazobaki, mtume kijana wako akae kiti cha mbele mpaka gari linapomwaga, na nusu ya malipo itoke akisharudi.

Kaunti ya Kwale nayo ingeanza na machache: makontena ya kukodisha pale Ukunda na Msambweni, shimo moja lililopimwa kwa ajili ya mawe tupu, na amana inayolipwa wakati wa kuchukua kibali cha ujenzi. Mwenye nyumba akileta risiti ya jaani, arudishiwe amana yake. Asiyekuwa na risiti, pesa hiyo ndiyo ikodi gari la kuliondoa lile rundo.