Tuombe visu vya plau kabla ya kuomba plau mpya

Maneno ya wafanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Moba



Komite imetupa nusu saa tuseme juu ya plau. Tunajua swali lililo mezani. Leo alasiri mtapiga kura juu ya barua ya kwenda kwa wafadhili. Wengi wanataka barua hiyo iombe plau mpya. Sisi tunaozunguka vijijini tukitazama mashamba tumekuja kuomba iandikwe kwa namna nyingine, na tutaeleza juu ya nini.

Mkizunguka nyuma ya depo ya chama mtakuta plau zimelala, majani yameanza kuzifunika. Tumezigeuza moja moja. Nguzo yake ndefu, nzima. Mikono miwili ya kushikia, mizima. Gurudumu bado linazunguka. Kilichoisha ni kile kipande cha chini, mbele, kinachoingia udongoni na kukata. Waliosoma Kifaransa wanakiita soc. Sisi leo tutakiita kisu cha plau, maana kazi yake ni kukata. Kimelika mpaka kimebaki kama ulimi wa mzee, na baadhi kimelika kupita matundu ya bulo. Chombo cha kilo nyingi kimelala juu ya kipande kimoja kidogo.

Ndugu zangu, tangu tukiwa watoto hakuna hata mmoja wetu aliyetupa jembe la mkono kwa sababu mpini umevunjika. Unakata mti mwingine, unachonga, unaingiza, unaendelea. Na chuma kikiisha, unanunua chuma na mpini unabaki uleule. Jembe la mkono tunalielewa kuwa ni vitu viwili. Lakini plau tunaiangalia kama kitu kimoja: ikikataa kukata tunasema imekufa. Haijakufa. Plau ni vitu vingi vilivyofungwa pamoja na bulo, na kila kimoja kina umri wake.

Vinavyoisha ni hivi. Cha kwanza ni kisu. Kwenye mchanga na changarawe kinaisha upesi sana. Kwenye udongo laini kinadumu zaidi. Cha pili ni kile chuma kirefu cha ubavuni kinachosugua ukuta wa mtaro na kuifanya plau iende moja kwa moja, pamoja na kisigino chake cha nyuma. Cha tatu ni bawa, lile bati lililopinda linalogeuza udongo. Hilo linachelewa kuisha. Halafu kuna bulo zenyewe na tundu la katikati ya gurudumu. Nguzo na mikono, vikitunzwa, vinaweza kumzika mwenye plau.

Sasa mtu atasema: kisu kimelika kidogo tu, tuvumilie msimu huu. Tuhesabu pamoja gharama ya kuvumilia. Kisu butu hakishuki. Plau inaruka juu ya udongo, basi anayeshika mikono anailalia kwa kifua ili iingie. Ng'ombe wanavuta zaidi na kukata kidogo. Wanachoka kabla ya jua kuwa kali, mnawafungua, na shamba la siku mbili linakuwa la siku nne. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi, na mvua haimngoji mtu. Mahindi yaliyochelewa kupandwa yanakosa maji mwishoni. Kwa sisi tuliorudi, msimu mmoja ukiharibika hatuna ghala la baba la kukimbilia: ni deni dukani, ni mtoto kufukuzwa shuleni, ni mbegu kuliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ni kipande cha chuma kinachobebeka mkono mmoja.

Jambo hili wengine walishalipitia kabla yetu. Mwaka 1797, huko New Jersey, Marekani, mtu aitwaye Charles Newbold alipata haki ya ubunifu kwa plau ya chuma cha kumimina, karibu yote kipande kimoja. Wakulima hawakuipenda. Wengine walisema chuma kingetia sumu udongoni. Hiyo haikuwa kweli, lakini shida moja ilikuwa ya kweli kabisa: sehemu moja ikivunjika, plau yote imekwenda. Uingereza, katika mji wa Ipswich, Robert Ransome alifika mbali zaidi. Mwaka 1803 alipata haki kwa kisu ambacho upande wa chini ulifanywa mgumu kuliko wa juu. Kikitembea udongoni, juu kunalika upesi, chini kunachelewa, kwa hiyo makali yanabaki makali. Mwaka 1808 akapata haki ya plau yenye vipande vya kufungua na kubadilisha hapohapo shambani. Na mwaka 1819 Jethro Wood wa New York akafanya plau ya chuma ambayo kila kipande kinaweza kubadilishwa peke yake. Karibu kila plau ya chuma tunayoiona leo, hata hizi zilizolala nyuma ya depo, imefuata njia hiyo. Waliozitengeneza walijua kisu kitaisha. Ndiyo maana wakaweka bulo.

Msifikiri ni akili ya Wazungu peke yao. Ethiopia wakulima wanalima na maresha tangu zamani sana. Maresha ni mti karibu wote. Chuma ni ile ncha tu, inayovikwa kwenye mti. Ncha ikiisha, mkulima anaibeba kwa mhunzi na mti unabaki nyumbani.

Mfano unaotugusa zaidi uko Senegal. Huko Mfaransa mmoja, Jean Nolle, alitengeneza chombo kiitwacho Houe Sine, kwa jina la eneo la Sine. Ni fremu moja nyepesi. Juu yake unafunga kisu cha kulimia, au meno ya kupalilia, au chuma cha kung'olea karanga. Fremu ni ileile, vyuma vinabadilishwa. Serikali iliwakopesha wakulima vyombo hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1980 mpango ule wa mikopo ukasimama. Makuta yakaisha, vyombo vipya havikuja tena kama zamani. Je, wakulima walirudi kwenye jembe la mkono? Hapana. Wahunzi wa vijijini walichukua vyuma chakavu wakafua visu na meno, na zile fremu za zamani ziliendelea kulima miaka mingi baada ya mpango kufa. Walioziokoa ni wahunzi, pamoja na namna chombo kilivyotengenezwa: kinafunguka, na kipande kinachoisha ni rahisi kufua.

Hapo ndipo tulipo sisi. Waliorudi kutoka Kala na Mwange, Zambia, walipokelewa hapa bandarini na misaada ya kuanzia. Misaada ile ilikuwa ya kuanzia tu, na kila mwaka tunaona mashirika yakifunga ofisi. Swali la kuuliza juu ya kila chombo tunachopewa ni hili: siku aliyekileta akiondoka, nani hapa kwetu anaweza kukirudisha kazini?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, tuchague aina moja ya plau na kubaki nayo. Kati ya zile za depo kuna aina mbalimbali, kwa sababu kila mfadhili alileta anayoijua. Kisu cha hii hakiingii kwenye ile: matundu yamepishana, bulo za hii ni nene na za ile ni nyembamba. Kabla ya kununua chochote, tuangalie ni aina gani tunazo nyingi na ni ipi visu vyake vinapatikana Kalemie au vinaweza kuja kwa boti kutoka Mpulungu. Wale walioishi Zambia wanazijua plau za Mealie Brand zinazotengenezwa Bulawayo, Zimbabwe. Hatufanyi matangazo ya mtu. Tunasema tu kwamba chombo kinachojulikana kwa jirani kina vipuri kwa jirani.

La pili, tutengeneze kipimo mama. Ni bati gumu lililokatwa umbo la kisu kipya, na matundu yametobolewa mahali pake kamili. Moja likae depo, moja kwa kila mhunzi. Mhunzi hahitaji kuja na plau nzima wala kukisia. Analaza bati juu ya chuma, anachora, anatoboa. Na matundu yawe na mdomo uliopanuliwa upande wa juu, ili kichwa cha bulo kizame kiwe sawa na uso wa kisu. Kichwa kikitokeza, udongo unakwama hapo na bulo inalika mpaka inakatika.

La tatu, kazi ya kufua iwe ya wahunzi wetu, na wapewe chuma sahihi. Chuma cha resori ya lori kinafaa sana kwa makali. Lakini kisu cha chuma cha kumimina kisipelekwe kwenye moto wala nyundo: kikipigwa kinapasuka. Hicho kikiisha kinabadilishwa tu. Kisu cha chuma cha kufua kinaweza kupelekwa kwa mhunzi, akakivuta ncha tena mara kadhaa kabla hakijaisha kabisa. Akimaliza, awe mwangalifu wakati wa kupoza: chuma cha resori kikitumbukizwa kwenye maji baridi kinaweza kupasuka; mafuta ya injini yaliyotumika yanakipoza polepole zaidi. Pia wako mafundi wanaoweza kugawa kisu sehemu mbili, mwili na ncha ndogo ya kufunga mbele. Ncha ndiyo inayoumia kwanza. Ikiisha unabadilisha ncha peke yake na mwili wa kisu unaendelea.

La nne, kila kikundi kijue kupima plau yake. Hii haihitaji shule. Iweke juu ya sakafu tambarare au ubao ulionyooka, isimame kama inavyosimama mtaroni. Ncha ya kisu iguse chini, kisigino cha nyuma kiguse chini, na katikati ibaki nafasi ndogo, ncha ya kidole iingie. Kama ubavu wote umelala chini, ncha imekwisha, plau haitaingia udongoni hata umpandishe mtu juu yake. Pima hivyo mwezi wa nane, wakati mhunzi ana nafasi. Ukipima mwezi wa kumi utakuta foleni. Na baada ya kazi, futa udongo, paka mafuta kwenye kisu na bawa, weka juu ya mawe chini ya paa.

Kuna sauti nyingine tuliyoisikia vijijini, na ni ya wamama. Mmoja alituambia: "Plau yenu inalima ya wababa, palizi inabaki yetu." Ana haki. Ng'ombe wakifungua shamba kubwa mara mbili, majani yanaota mara mbili, na jembe la kupalilia liko mkononi mwa mama na mabinti. Tukiongeza kulima bila kuongeza namna ya kupalilia, tumehamisha mzigo tu. Ndiyo maana mfano wa Senegal unatupendeza: fremu ileile inayolima inabeba meno ya kupalilia katikati ya mistari. Tunaomba barua itaje meno hayo pamoja na visu, na mafunzo yake wamama wawe mbele. Mistari tu inyooshwe wakati wa kupanda, ng'ombe wapate kupita.

Pia tuseme wazi: plau haimfai kila mtu. Kule chini ambako mbung'o anaua ng'ombe, jembe la mkono litaendelea, na wanachama wa huko wasaidiwe kwa njia nyingine. Kule juu Marungu, ambako ng'ombe wanaishi vizuri, ndiko plau ina nguvu yake.

Sasa makuta. Kwa bei ya plau moja mpya, pamoja na usafiri wake mpaka hapa, unapata visu kadhaa. Tunapendekeza sanduku dogo la vipuri. Wafadhili watoe akiba ya kwanza: visu, bulo, na chuma cha kufulia. Mwanachama akichukua kisu, analipa kidogo wakati wa kuchukua na kinachobaki baada ya mavuno, na pesa hiyo inanunua kisu kingine. Daftari lishikwe na watu wawili na lisomwe mbele ya wote kila robo ya mwaka. Sanduku lisiloweza kununua kisu cha mwaka kesho ni zawadi nyingine tu, na zawadi tumeziona mwisho wake nyuma ya depo.

Kwa ninyi wafadhili: tunajua plau mpya inapendeza kwenye picha, na kisu hakina picha. Lakini mkituuliza mwakani mmesaidia nini, hatutahesabu plau zilizogawiwa. Tutahesabu zile zilizoingia shambani mvua ya kwanza ikinyesha.

Kwa ninyi wanachama: tunaomba kura yenu ya alasiri iseme visu, bulo, chuma, na meno ya kupalilia kwanza. Plau mpya ije baadaye, kwa kikundi ambacho hakina kabisa, na iwe ya aina mtakayochagua. Kesho asubuhi tutakuwa depo na spana pamoja na wahunzi wawili. Mwenye plau iliyolala nyumbani ailete. Tutaifungua mbele yake, tutaipima sakafuni, na ataondoka akijua ni kipande gani anachohitaji.

 Maswali sasa ni yenu.