Mtoto Hataki Kula

Haya ni mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na wazazi wa kijiji.

Naona akina baba mmekaa nyuma karibu na mlango. Sogeeni mbele. Mazungumzo ya leo ni yenu pia.

Wengi mmeniambia neno moja: "Mwalimu, mwanangu hataki kula." Mtoto ana mwaka mmoja, au mwaka na nusu. Akipewa uji anageuza uso. Akipewa ugali anautema. Jambo hili nalijua, maana limepita nyumbani kwangu.

Binti yangu wa pili alipotimiza mwaka mmoja alikuwa na kilo 8 na nusu. Miezi minne baadaye, kilo 8 na nusu zile zile. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa umelala. Ninyi sasa mnajua kusoma kadi. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna jambo. Ukishuka, ni hatari. Mimi ni mwalimu, nimesoma chuoni, lakini kadi ile ilikaa sandukuni na sikuifungua hata mara moja.

Majirani hawakunyamaza. Wakasema mtoto amebemendwa. Mnalijua neno hili na maana yake: kwamba mmoja wa wazazi ametoka nje ya ndoa wakati mtoto ananyonya. Ndugu zangu, sitawaficha. Hata mimi moyoni nikaanza kumtilia mashaka mama watoto. Naye akaona aibu kumpeleka mtoto kupimwa, asije akachekwa. Mwezi mzima ukapotea hivyo. Mwisho nikamchukua mtoto mwenyewe nikaenda zahanati.

Muuguzi akampima. Hakuuliza habari za ndoa yangu. Aliuliza maswali matatu: Anakula nini? Mara ngapi kwa siku? Katika sahani ya nani? Sikuweza kujibu hata moja.

Basi nilikaa nyumbani siku nzima nikitazama. Asubuhi mtoto alipewa kikombe cha uji mwembamba, akanywa nusu. Mchana ikaletwa sinia moja ya watoto wote. Kaka zake wakamega, wakachovya, wakamaliza. Yeye alibaki na tonge moja mkononi, analichezea. Saa kumi akapewa chai ya rangi na biskuti. Usiku chakula kilipoiva, alikuwa amekwisha lala. Na sisi tulikuwa tunasema, "Hataki kula."

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Kwa mlo mmoja hubeba kama kikombe kimoja cha robo lita. Tazameni uji huu nilioleta. Unatiririka kama maji. Ndani ya kikombe hiki unga ni vijiko viwili tu. Mtoto akikimaliza tumbo limejaa, naye hajala. Sasa tazameni huu wa pili. Unakaa juu ya kijiko bila kumwagika. Nimetia kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa na kijiko cha chai cha mafuta. Kikombe ni kile kile, lakini nguvu iliyomo ni zaidi ya mara mbili.

Mama mmoja pale ananong'ona kwamba uji mzito hauendi kooni. Ni kweli, mama. Lakini dawa yake mnayo, tena wengine mnaitumia kila wiki. Ni kimea. Ndiyo, kile kile cha pombe! Msicheke. Osha ulezi, uloweke usiku mmoja, uchuje maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Anika ukauke sawasawa, pukuchua vichipukizi, kisha saga. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo. Tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga. Utaona uji unalegea wenyewe bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Tumieni ulezi, si mtama, maana machipukizi ya mtama yana sumu.

Jambo jingine ni huu unga wa lishe wa nafaka sita au saba. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, hawa wote ni ndugu wa ukoo mmoja. Kuwakusanya hakuleti nyama wala maharage. Chukua nafaka moja au mbili, kisha utafute rafiki yake: karanga, maharage, maziwa, yai, au dagaa. Dagaa wachambue, waoshe mchanga, uwakaushe, uwatwange, uwachekeche. Kijiko kimoja kwenye mboga ya mtoto kinatosha. Parachichi halihitaji hata kupikwa. Karanga usimpe nzima mtoto mdogo, zitampalia. Na karanga au mahindi yenye ukungu msile kabisa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo.

Akina baba, sasa zamu yenu. Kila mnada naona mayai yanakwenda na soda zinarudi. Sisemi msiuze. Nasema mayai ya mtoto yatengwe kwanza. Na mafuta hununuliwa kwa fedha, na fedha ya pamba iko mfukoni mwa nani?

Mtoto wa miezi tisa hadi miaka miwili ale milo mitatu au minne kwa siku, na katikati apate kitu kidogo mara moja au mbili: kiazi, ndizi, papai. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Soda na biskuti humshibisha bure. Chai ya rangi pamoja na chakula huzuia mwili kupata madini ya chuma, yale yanayotengeneza damu.

Tena mjue kwamba baada ya mwaka mmoja hamu ya kula hupungua yenyewe. Mwaka wa kwanza mtoto hufikia kama mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Mwaka wa pili huongeza kama kilo mbili na nusu tu. Akila kidogo siku moja, usiogope. Tazama mstari wa kadi.

Mpe sahani yake mwenyewe. Kaa mbele yake, zungumza naye. Akikataa chakula kipya, usimlazimishe. Mpe tena siku nyingine. Huenda akakataa mara nane au kumi ndipo akubali. Ile kazi ya kumlaza mtoto, kumbana pua na kumimina uji kwa kiganja, iacheni. Uji huingia njia ya hewa, na mtoto anaweza kufa mikononi mwako.

Lakini kuna mtoto ambaye hakataii chakula kwa kuchagua. Anaumwa. Ukiona miguu yote miwili imevimba, au anatapika kila kitu, au anaharisha damu, au anakohoa kwa wiki mbili, au amekataa hata ziwa, usijaribu mapishi. Nenda zahanati siku ile ile. Mhudumu wa afya atampima mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11 na nusu ni nyekundu, naye anahitaji matibabu mara moja.

Binti yangu mwezi wa kwanza aliongeza robo kilo. Mwezi wa pili alipata homa, hakuongeza kitu. Mwezi wa tatu akapanda vizuri. Mama watoto nilimwomba radhi, na hilo halikuwa rahisi kuliko kupika uji. Mchicha mtoto bado anautema mpaka leo.

Jumatano ijayo saa tisa tutatengeneza kimea hapa hapa darasani. Kila mmoja aje na kikombe cha ulezi, kitambaa safi na kadi ya mtoto. Akina baba, kadi mtazibeba ninyi.