Asali Iliyoganda Haikuharibika



Mtu hununua asali Marigat, katika bonde la Baringo lenye joto kali. Asali yenyewe ya maua ya migunga ni nyepesi ya rangi, na chupa ikielekezwa juani hung'aa. Mtu huyo hurudi kwake Limuru, ambako baridi ya usiku yajulikana, akaiweka chupa rafuni. Baada ya majuma kadhaa huifungua, akakuta asali imekuwa nzito, yenye weupe, na chembechembe kama unga uliosagwa kwa mawe. Hapo hulia, "Nimepunjwa! Nimeuziwa sukari!" Asali hutupwa, na muuzaji wa Marigat hutukanwa, naye hayupo kujitetea.

Ukweli ni kwamba asali hiyo haina kosa. Asali ni sukari za namna mbili hasa, glukosi na fruktosi, zilizoyeyuka katika maji machache sana. Glukosi ikipata baridi hujitenga, ikawa chembe. Baridi ya kiasi cha nyuzi 14 za Sentigredi ndiyo huigandisha upesi zaidi, nayo ni baridi ya kawaida katika nyumba za nyanda za juu. Tena asali mbichi, ambayo haikuchemshwa wala kuchujwa mno, ina chavua na vipande vidogo vya nta, na chembe za sukari hushikamana navyo kama ukungu kwenye kioo. Kwa hiyo asali mbichi mara nyingi huganda mapema kuliko ile iliyopashwa moto kiwandani. Lakini yategemea maua: asali yenye fruktosi nyingi yaweza kukaa miezi mingi bila kuganda, nayo ni halisi vilevile.

Wako wanaoichovya njiti ya kiberiti katika asali ili waone kama itawaka, na wengine huwangojea sisimizi waamue. Majaribio hayo hayathibitishi neno lolote. Mahali pa kuipima asali ni maabara. Asiye na maabara na amjue anayemwuzia.

Anayetaka asali yake iwe majimaji tena na aitie chupa katika maji ya moto ambao mkono waweza kuustahimili, yaani nyuzi 40 hivi, aiache humo kwa saa kadhaa. Asiiteleke motoni. Moto mkali hufukuza harufu ya maua, na harufu hiyo ndiyo aliyoitolea fedha.

Adui halisi wa asali ni maji. Nyuki akileta mbochi kutoka mauani, mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki wa kazi huupepea kwa mabawa usiku na mchana hata maji yakashuka chini ya sehemu 20 katika 100, kisha huziba kila tundu la sega kwa nta. Kizibo hicho ndicho alama ya kuiva. Mrinaji mwenye haraka akikata masega ambayo hayajazibwa, asali yake itachacha: itatoa povu, itanuka kama pombe, na mdomo wa chupa utafoka. Asali ya namna hiyo yawafaa wapikaji wa mratina, lakini haiwezi kupata bei ya asali ya mezani, na taabu ya mwaka mzima hupotea kwa sababu ya majuma mawili ya kukosa subira. Basi sega lisikatwe mpaka angalau robo tatu zake zimezibwa, na masega yenye wana wa nyuki yaachwe mzingani.

Hata asali iliyoiva huvuta unyevu hewani. Mombasa, ambako chumvi hulowa kibakulini, chupa isiyofungwa sawasawa huweza kuchacha juu ingawa chini ni nzuri. Kifuniko kikazwe, na kijiko kinachotiwa ndani kiwe kikavu.

Chombo nacho kina neno lake. Asali ina ukali wa asidi, ijapokuwa utamu huuficha, nayo hula bati na shaba. Chupa ya kioo ndiyo bora. Ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula yafaa pia. Debe lililokuwa na mafuta ya taa, au mtungi uliotiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, usitumiwe hata ukioshwa mara kumi. Muuzaji na ajue pia kwamba lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, chupa ya mililita 750 hubeba zaidi kidogo ya kilo moja. Anayepewa bei ya kilo asikubali kupimiwa kwa lita.

Liko jambo moja ambalo kila mama na kila nyanya hana budi kulisikia. Katika nyumba nyingi mtoto mchanga hulambishwa asali, kwa mapenzi mema. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kupaka chuchu. Ndani ya asali huweza kuwamo mbegu za kijidudu kiitwacho klostridiamu, zisizoonekana, na kuchemsha hakuziui. Tumbo la mtu mzima huzishinda. Katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu. Mtoto hufunga choo, kilio chake hufifia, hushindwa kunyonya, na shingo hulegea. Ishara hizo zikionekana apelekwe hospitali siku ileile. Ugonjwa huu kwa watoto ulitambuliwa Marekani mwaka 1976, kwa hiyo si ajabu kwamba wazee hawakuujua.

Walio wakubwa na waile kwa furaha. Ile iliyoganda hupakwa juu ya mkate bila kudondoka, jambo ambalo ile ya majimaji haiwezi. Katika uji wa wimbi itiwe uji ukishapoa kidogo. Sega zima hutafunwa, na nta inayobaki mdomoni yaweza kutemwa. Nta ya masega yaliyokamuliwa isitupwe: iyeyushwe katika maji ya moto, ichujwe kwa kitambaa, na kipande chake kisuguliwe ndani ya mzinga mtupu kabla ya kuutundika, kwa maana nyuki wanaotafuta makao huivuta harufu hiyo kutoka mbali.