Safari Moja, Wasimamizi Wengi: Jinsi Usafiri wa Nairobi na Kaunti Jirani Unavyopangwa

(Mada iliyotolewa mbele ya wakazi, wahudumu wa uchukuzi na wafanyabiashara katika kikao cha ushirikishaji wa umma)



Mada ya leo ni usafiri wa kila siku kati ya nyumbani na kazini katika jiji la Nairobi na kaunti zinazolizunguka. Ni jambo ambalo kila mtu hapa analijua kwa miguu yake na kwa mfuko wake. Swali ambalo wakazi huuliza mara kwa mara ni hili: treni ipo, mabasi yapo, matatu zipo, barabara zimepanuliwa, mbona safari bado ni ngumu? Jibu fupi ni kwamba kila chombo kina mwenyewe, lakini safari nzima haina mwenyewe.

Chukueni mfano wa mfanyakazi anayeishi kilomita chache kutoka kituo cha treni cha Ruiru na kufanya kazi Westlands. Anapanda bodaboda hadi kituoni, anapanda treni hadi stesheni kuu ya Nairobi, kisha anatafuta matatu ya kumfikisha Westlands. Kwake hiyo ni safari moja. Katika hesabu za wanaomsafirisha, hizo ni safari tatu zenye nauli tatu. Treni ikichelewa, hakuna matatu inayomsubiri. Matatu ikipandisha nauli kwa sababu mvua imenyesha, bei ya tiketi ya treni haimsaidii chochote.

Nani anasimamia nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi hizi. Reli na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari na uchukuzi wa umma wa barabarani ni kazi za kaunti. Treni za abiria zinaendeshwa na Shirika la Reli la Kenya. Leseni za matatu hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Magari yenyewe ni mali ya watu binafsi waliojiunga katika SACCO na kampuni.

Kwa hivyo, katika kituo kimoja cha treni, jukwaa la kupandia ni la Shirika la Reli, barabara inayofika langoni inaweza kuwa ya kaunti, matatu iliyoegeshwa nje ina leseni ya NTSA, na kondakta wake anamtii mwenye gari. Abiria mmoja anapita mikononi mwa hawa wote kwa muda wa dakika tano.

Ukubwa wa eneo hili si wa kupuuzwa. Katika sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Kiambu 2,417,735. Ukijumlisha na Machakos, Kajiado na Murang'a, kaunti hizi tano zilikuwa na zaidi ya watu milioni 10.4. Huyo ni zaidi ya mtu mmoja kati ya kila Wakenya watano. Wengi wao hulala katika kaunti moja na kufanya kazi katika nyingine, na mpaka wa kaunti hawauoni wakiwa njiani.

Kwa kutambua hali hiyo, Februari 2017 iliundwa Mamlaka ya Uchukuzi ya Eneo la Jiji la Nairobi, inayojulikana kama NaMATA, kusimamia mipango ya usafiri katika kaunti hizo tano. Ramani ya njia maalumu za mabasi ya mwendo kasi ilichorwa, na njia zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Njia ya Simba, kwa mfano, imepangwa kutoka Rongai kupitia katikati ya jiji na Ruiru hadi Thika na Kenol. Ukiifuata kwenye ramani, unavuka mipaka ya kaunti mara kadhaa bila kubadilisha basi.

Reli: nguvu yake na mipaka yake

Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na jiji likakua kando yake. Haikujengwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaokwenda kazini asubuhi. Ilijengwa kuvuka nchi kutoka Pwani hadi Ziwa Victoria. Treni za abiria wa jijini ziliwekwa baadaye juu ya njia hiyo hiyo, na hilo ndilo chanzo cha mengi tunayoyaona leo.

Hatua zimepigwa. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012. Reli ya kisasa ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, treni ya kuunganisha ilihitajika kati ya stesheni kuu ya zamani na kituo cha SGR huko Syokimau. Mwaka 2020, treni za dizeli zilizonunuliwa kutoka Uhispania zilianza kazi. Treni hizi zina chumba cha dereva kila upande, kwa hivyo zikifika mwisho wa njia dereva anahamia upande wa pili na safari ya kurudi inaanza. Treni ya kawaida hulazimika kwanza kufungua kichwa na kukizungusha upande wa pili. Leo treni zinafika Syokimau, Lukenya, Embakasi Village, Ruiru, Kikuyu na Limuru.

Wakazi huuliza kwa nini treni nyingi huja mjini asubuhi na kurudi jioni tu, badala ya kupita kila nusu saa. Sababu kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya reli hiyo ya zamani ni ya njia moja. Treni inayokwenda Ruiru na inayotoka Ruiru haziwezi kupishana popote. Lazima moja isubiri kwenye kituo chenye njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Kuongeza treni bila kuongeza mahali pa kupishana ni kuongeza foleni ya treni. Aidha, pale barabara inapokatana na reli, kila treni inayopita inasimamisha magari, na watembea kwa miguu waliozoea kukatiza kwenye reli wamo hatarini. Kununua mabehewa ni sehemu moja tu ya kazi. Njia za kupishana, ishara, uzio na vivuko salama ndivyo vinavyoamua treni ngapi zitapita kwa saa.

Hata hivyo faida ya treni ni dhahiri. Treni moja yenye abiria 700 imebeba watu wa matatu 50 za abiria 14 kila moja. Hizo ni gari 50 ambazo hazipo kwenye barabara ya Thika saa moja asubuhi.

Matatu: adui au mshirika?

Yapo maoni kwamba suluhisho ni kuondoa matatu. Maoni hayo hayazingatii jinsi wananchi wanavyosafiri. Matatu ziliruhusiwa kubeba abiria bila leseni maalumu mwaka 1973, na tangu wakati huo zimefika mahali ambapo treni na mabasi makubwa hayakufika. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipochapisha ramani ya njia za matatu, ilionekana kwamba kulikuwa na njia zaidi ya 130 zinazofuatwa kila siku. Mtandao ulikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kuuandika.

Tatizo la matatu liko kwenye hesabu ya jioni. Dereva na kondakta hutakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi fulani kila siku, na kinachobaki ndicho riziki yao. Mpango huo unawafanya wasubiri kwenye steji hadi gari lijae, kisha wakimbilie steji inayofuata kabla ya mwenzao kufika. Saa ya watu wachache, gari halitoki. Saa ya watu wengi, nauli inapanda. Ukimlaumu kondakta peke yake, umeacha chanzo.

Sekta hii inaweza kubadilika. Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, mikanda, vidhibiti mwendo na idadi maalumu ya abiria vilikuwa sharti. Wengi walisema haiwezekani. Matatu zilifuata. Baadaye kila gari likatakiwa kuwa ndani ya SACCO au kampuni, na leo zipo SACCO zinazopanga zamu za magari yao vizuri kuliko inavyodhaniwa.

Wengine walifanyaje

Mji wa Hamburg nchini Ujerumani ulikuwa na tatizo linalofanana na hili. Treni za chini ya ardhi zilikuwa za kampuni moja, treni za juu zilikuwa za shirika la reli la taifa, na mabasi na feri zilikuwa na wenyewe. Mwaka 1965 walitia sahihi mkataba wa kuunda ushirika wa uchukuzi unaoitwa HVV. Hakuna kampuni iliyonyang'anywa magari yake. Walichokubaliana ni kuwa na tiketi moja, ratiba moja na kapu moja la mapato, halafu fedha zigawanywe kwa kanuni inayojulikana na wote. Leo ushirika huo unavuka mipaka ya majimbo matatu. Abiria hahitaji kujua gari ni la nani.

Karibu nasi zaidi ni Lagos, Nigeria. Jimbo hilo liliunda mamlaka yake ya uchukuzi, LAMATA, mwaka 2002. Mwaka 2008 lilianzisha njia maalumu ya mabasi, na wenye mabasi madogo hawakuachwa nje. Chama chao kiliunda ushirika ulioendesha mabasi makubwa ya awamu ya kwanza. Septemba 2023 treni ya Blue Line ilianza kubeba abiria kati ya Marina na Mile 2, umbali wa kilomita 13. Kadi inayolipia basi ndiyo inayolipia treni. Ilichukua miaka 21 kutoka kuundwa kwa mamlaka hadi treni hiyo kubeba abiria. Anayeahidi mabadiliko ya mwaka mmoja anadanganya wananchi.

Miji hii miwili inafundisha jambo moja. Kabla ya kununua chombo kipya, kubalianeni kuhusu tiketi, ratiba na mgao wa fedha. Na wale ambao riziki yao inaguswa waitwe mezani mapema, wakiwa wabia. Dereva wa matatu mwenye watoto shuleni hawezi kuunga mkono mpango ambao habari zake anazisikia siku ya kufukuzwa kwenye steji.

Yaliyo mikononi mwa kaunti

Kaunti haiwezi kuongeza treni. Inaweza, hata hivyo, kufanya treni iliyopo itumike na watu wengi zaidi. Kwanza, steji ya matatu na eneo la bodaboda viwe mlangoni mwa kituo cha treni, si nusu kilomita kutoka hapo. Pili, njia ya watembea kwa miguu yenye taa, kwa sababu mwanamke anayeshuka kwenye treni saa mbili usiku huamua kwa giza kama kesho atapanda tena. Tatu, ardhi iliyo kando ya vituo ilindwe kabla haijavamiwa, maana kuipata tena ni ghali na huleta maumivu. Nne, SACCO zinazokubali kupanga zamu kulingana na ratiba ya treni zipewe nafasi bora kwenye steji hizo.

Kaunti pia haiko peke yake. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu serikali za kaunti na Serikali ya Kitaifa kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Sheria haijafunga mlango huo. Kinachohitajika ni utashi wa kukaa pamoja na kila upande kukubali kuachia sehemu ya madaraka yake.

Wananchi wana wajibu pia. Mpango wa Maendeleo wa Kila Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Steji, taa au njia ya miguu isiyotajwa katika mpango haiwezi kupata fedha katika bajeti. Kwa hivyo, katika kikao cha wadi, ombi la "tunataka barabara nzuri" liwe mahususi: taja kituo gani, upande gani, na watu wanaotembea hapo ni akina nani. Wenye SACCO walete idadi ya magari na zamu zao. Wahudumu wa bodaboda waseme wanataka kuegesha wapi. Maoni yaliyoandikwa hupokelewa katika ofisi za wadi.

Usafiri wa jiji hupangwa vizuri pale wahusika wote wanapomhesabu abiria kuwa mtu mmoja mwenye safari moja. Maswali sasa yanakaribishwa, kuanzia kwa wahudumu wa matatu na bodaboda.